Chuma kiko ndani miezi mitano, mfupa haujaunga: je, kimeshindwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, anaendesha bodaboda. Aligongwa Barabara ya Kilwa, akavunjika muundi wa kulia na mfupa ukatokeza nje. Alisafishwa usiku uleule, baadaye akawekewa chuma ndani ya mfupa. Sasa ni mwezi wa tano. Wiki iliyopita tumepiga picha tukaambiwa mfupa bado haujaunga. Anatembea na gongo moja, akikanyagia anasikia maumivu. Anavuta sigara, na kila siku anameza diklofenaki za duka la dawa. Mama anataka tumpeleke kijijini kwa fundi wa mifupa. Jirani anasema kuna mashine ya mawimbi na sindano ya kuotesha mfupa. Je, chuma kimeshindwa? Arudi chumba cha upasuaji? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na neno lililowatia hofu. "Haujaunga" katika mwezi wa tano bado halijawa "hautaunga". Muundi uliovunjika bila kutoboa ngozi, ukawekewa chuma, mara nyingi hushika ndani ya wiki 16 hadi 20. Uliotoboa ngozi huchelewa zaidi, na kufika mwezi wa sita au wa saba si jambo geni. Ukitaka kujua kwa nini, papasa mguu wako mwenyewe: upande wa mbele na wa ndani wa muundi hauna nyama, ni ngozi tu imelala juu ya mfupa. Nyama ndiyo inayouletea mfupa sehemu kubwa ya damu wakati wa kupona. Ajali iliyochana ngozi na kubandua nyama imekata pia mifereji hiyo, na kadiri ufa ulivyo karibu na kifundo cha mguu ndivyo damu inavyozidi kuwa haba.

Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wagonjwa 1,226 wa muundi waliowekewa chuma cha ndani. Madaktari waliokuwamo walizuiwa kurudia upasuaji kwa sababu ya mfupa kuchelewa kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa pale palipokuwa na sababu ya wazi kama usaha au pengo la mfupa. Waliohitaji kurudishwa mezani wakawa wachache kuliko ilivyotarajiwa, kwani mifupa mingi iliyoonekana mizembe ilijiunga yenyewe. Tangu hapo miezi sita ndiyo kipimo cha subira kinachotumika sehemu nyingi.

Lakini subira isiyo na uchunguzi ni uzembe. Katika hiki kipindi cha kungoja kuna mambo matatu ya kuulizwa, na yaulizwe kwa mpangilio huu: kuna bakteria kwenye mfupa? Chuma kinashika sawasawa? Damu na chakula vinafika?

Bakteria wanatangulia kwa sababu jibu la hapo hubadilisha kila kitu kinachofuata. Mfupa uliotoka nje ukaonja vumbi la barabarani una hatari hiyo hata ukisafishwa vizuri. Bakteria wakishakaa juu ya chuma hujifunika utando wa utelezi, na dawa ya kumeza haiwafikii vya kutosha. Mgonjwa anaweza kuwa hana homa kabisa. Angalieni kovu: kuna kitundu kinachotoa maji au usaha, kinafunga wiki mbili kisha kinafunguka tena? Mguu una joto kuliko mwenzake? Maumivu yanamwamsha usiku akiwa hajakanyagia kitu? Mojawapo likiwepo, msingoje mwezi wa sita.

Hata kama hakuna dalili, ombeni vipimo vya damu: picha kamili ya damu, ESR na CRP, hivi viwili vya mwisho vikiwa ni vipimo vya uvimbe na maambukizi mwilini. CRP hupanda baada ya upasuaji wowote, ila kwa kawaida hushuka ndani ya wiki mbili au tatu. Ikiwa juu mwezi wa tano, lazima ielezwe imepanda kwa nini. Ikiwa ya kawaida, inatia moyo lakini haimalizi shaka, maana bakteria wapole huweza kujificha bila kuipandisha. Jibu la uhakika hutoka kwenye vipande vya nyama na mfupa vinavyochukuliwa chumba cha upasuaji, walau vitano kutoka sehemu tofauti, na mgonjwa awe hajatumia antibayotiki kwa wiki mbili hivi. Ndiyo maana vile vidonge vya amoksilini vinavyomezwa "kwa tahadhari" vinaharibu zaidi kuliko vinavyosaidia: haviui walioko kwenye chuma, ila vinatosha kuwazuia wasiote maabara, na daktari anabaki hana jina la adui.

Swali la pili ni la ufundi, na hapa mnaweza kusoma picha wenyewe. Zichukueni zote: ile ya siku ya kwanza, ya baada ya upasuaji, ya kila kliniki na ya juzi. Picha moja haisemi mengi, hadithi iko kwenye mfululizo. Kila mara ziwe mbili, ya mbele na ya ubavuni, na zionyeshe goti na kifundo. Picha ya eksirei iliyopigwa tena kwa simu hupoteza mistari midogo ambayo ndiyo inayotafutwa, kwa hiyo bebeni filamu yenyewe au CD.

Shikeni ile ya juzi kwenye mwanga wa dirisha. Picha ya mbele inaonyesha kuta mbili za mfupa, wa kushoto na wa kulia. Ya ubavuni inaonyesha nyingine mbili, wa mbele na wa nyuma. Madaktari wa mifupa huzipa kuta hizo nne alama kwa mfumo uitwao RUST. Ukuta ambao ufa wake unaonekana wazi na hakuna kilichoota hupata 1. Ukiona wingu jeupe la mfupa mchanga limejenga pembeni lakini ufa bado unapenya, ni 2. Wingu likivuka upande hadi upande na ufa ukafutika, ni 3. Alama za kuta zote nne hujumlishwa: chini kabisa ni 4, juu kabisa ni 12, na kuta tatu kati ya nne zikishavuka, mfupa huhesabiwa kuwa umeunga. Aliyekuwa na 5 mwezi wa tatu na sasa ana 8 yuko njiani, hata kama karatasi imeandikwa "haujaunga". Aliyekuwa na 6 na bado ana 6 ndiye wa kutiliwa mashaka. Kwa hiyo siku ya kliniki swali lenu lisiwe "umeunga au haujaunga?" Ulizeni: "Umesogea kiasi gani tangu picha iliyopita?"

Mkiwa hapo hapo, tazameni chuma. Je, skrubu za juu na za chini zote ni nzima, au mojawapo ina mstari mweusi katikati? Skrubu iliyokatika si balaa peke yake. Wakati mwingine hukatika, mfupa ukakaribiana, na kuunga kukafuata. Lakini inasema wazi kwamba mzigo umebebwa na chuma kwa muda mrefu. Chuma, hata cha pua, kikipindwa kidogo kidogo mara laki kadhaa hukatika kama waya unaopindwa kwa vidole. Tazameni pia kama chuma kimejaa ndani ya mfereji wa mfupa au kinacheza kama mwiko kwenye sufuria kubwa. Chuma chembamba katika mfereji mpana huacha ncha za mfupa zikisugana.

Kusugana huko kuna kipimo chake. Mjongeo mdogo sana unapokanyagia huchochea mfupa mchanga kuota. Ukizidi, kila daraja linalojengwa linachanika kabla halijakauka, na mwili unabaki ukitengeneza gegedu na nyuzi badala ya mfupa. Kwenye picha hali hiyo hutoa umbo ambalo madaktari hulifananisha na mguu wa tembo: ncha zimevimba, mfupa mchanga ni mwingi pande zote, lakini katikati kuna mstari mweusi ng'ang'anizi. Mfupa wa namna hiyo una uhai tele na hauhitaji sindano yoyote ya kuotesha, unahitaji kushikwa zaidi. Kinyume chake ni ncha zilizochongoka kama penseli, hakuna wingu hata kidogo. Hapo tatizo ni damu, na chuma kinene peke yake huenda kisitoshe.

Ziangalieni pia karatasi za kuruhusiwa. Kama alitibiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), au hospitali nyingine nyingi hapa nchini, huenda mkakuta neno SIGN. Hicho ni chuma kinachotolewa na shirika lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle mwaka 1999 huko Richland, jimbo la Washington, Marekani, kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Ni chuma kizima, hakina tundu katikati kama vingine, na matundu ya skrubu hulengwa kwa mkono wa chuma unaofungwa nje ya mguu. Si chuma cha daraja la pili, kama baadhi ya watu wanavyodhani. Ninachotaka mkinakili ni unene na urefu wake, kwa mfano milimita 9, kwa sababu atakayekitoa siku moja atahitaji kifaa cha kuvutia kinachoingiliana nacho, na atakayekibadilisha lazima ajue anaanzia unene gani.

Baadhi ya watu huwaambia wagonjwa wa namna hii kwamba wangefungwa antena tu, yale mavyuma ya nje, wangepona haraka. Jambo hilo limepimwa hapahapa Dar es Salaam. Utafiti wa MOI uliochapishwa mwaka 2020 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 240 wa muundi uliotoboa ngozi, wengine wakawekewa chuma cha ndani, wengine antena. Baada ya mwaka mmoja, usaha wa ndani na kurudiwa upasuaji havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Waliokuwa na chuma cha ndani walipata miguu iliyonyooka zaidi, na wiki za mwanzo walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Uamuzi wa kumwekea chuma, kwa hiyo, haukuwa kosa.

Sasa maumivu. Mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja. Yakiwa mbele ya goti, hasa akipiga magoti kuswali au akipanda ngazi, hayo ni ya njia ambayo chuma kilipitia. Ni ya kawaida mno, na hayasemi lolote kuhusu ufa. Yakiwa palepale ufa ulipo na yanakuja mguu unapobeba mwili, ndiyo yanayohusika.

Damu na chakula. Hapa kazi kubwa ni ya mdogo wako mwenyewe, na nitasema bila kuzunguka: sigara ndiyo adui mkubwa aliyetajwa katika barua yako. Nikotini hubana mishipa midogo, na moshi huingiza kaboni monoksaidi inayokaa mahali pa oksijeni kwenye damu. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 juu ya watu waliovunjika muundi kwa kidonda, wavutaji walikuwa na uwezekano wa mfupa kuunga uliopungua kwa asilimia 37 wakilinganishwa na wasiovuta. Shisha na ugoro vina nikotini ileile. Kupunguza kutoka kumi hadi tano ni hatua, lakini mishipa haina punguzo la nusu bei. Aache kabisa, walau mpaka mfupa ushike. Apimwe pia sukari, hata kama ni kijana, na VVU kama hajapima, kwa sababu vyote viwili vikiwa havijadhibitiwa huchelewesha kidonda na mfupa.

Kuhusu diklofenaki, aache. Kazi yake ni kuzuia kemikali za uvimbe, na kemikali hizohizo ndizo zinazoita chembe za kujenga mfupa. Utafiti kwa binadamu unapingana juu ya ukubwa wa madhara hayo; siku chache baada ya ajali pengine hazina neno. Ila miezi mitano kila siku kwa mtu ambaye mfupa wake umechelewa, sioni sababu ya kubahatisha. Na kuna moyo: uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliojumlisha majaribio mengi ya dawa za aina hii, ulionyesha kwamba diklofenaki ya kipimo kikubwa huongeza shambulio la moyo, kiharusi na vifo vya mishipa kwa takriban theluthi moja. Hupandisha presha, huumiza figo na kuchimba tumbo. Kama mama yenu ana presha na huwa anaomba kidonge kimoja kwa ajili ya mgongo, asipewe. Mdogo wako atumie parasetamoli gramu 1 mara tatu kwa siku, isizidi gramu 4 ndani ya saa 24, akihakikisha dawa ya mafua anayomeza haina parasetamoli nyingine ndani yake. Faida ya pembeni: diklofenaki ilikuwa inafunika maumivu, na tunayahitaji yatuambie ukweli.

Supu ya makongoro sitaigombanisha na mtu, ni tamu. Lakini kilicho ndani yake ni mafuta na jelatini, protini isiyokamilika, na kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye supu ni kidogo mno. Mtu wa kilo 60 anayejenga mfupa anahitaji protini gramu 72 hadi 90 kwa siku. Mayai mawili yana 12, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, dagaa wakavu gramu 50 karibu 30, maziwa nusu lita kama 17. Hapo tumefika 74, na dagaa waliwe na miiba yao kwa sababu kalsiamu iko humo. Maziwa hayo nusu lita yana takriban miligramu 600 za kalsiamu, kati ya 1,000 anazohitaji. Asiyetoka ndani tangu ajali huweza kupungukiwa vitamini D hata katika jiji hili lenye jua, basi akae barazani.

Mashine ya mawimbi, yaani mawimbi ya sauti: mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watu 501 waliovunjika muundi na kuwekewa chuma, nusu wakapewa mashine ya kweli na nusu ya bandia, bila kujua. Hakukuwa na tofauti, si katika mfupa wala katika kurudi kazini. Msitoe hela. "Sindano ya kuotesha mfupa" ina chimbuko la kweli. Mwaka 1965 Marshall Urist alionyesha kwamba ndani ya mfupa kuna kitu kinachoweza kuotesha mfupa mahali usipokuwepo, na leo protini hizo, BMP, hutengenezwa viwandani. Lakini huwekwa kwenye ufa wakati wa upasuaji, zikiwa ndani ya sifongo. Hazichomwi begani wala matakoni. Utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha faida kwa muundi wenye kidonda, ule wa mwaka 2011 haukuonyesha kuwa mfupa uliunga haraka zaidi. Mtu akiwauzia sindano, mwambieni aandike jina la dawa kwenye karatasi, kisha mlete karatasi hiyo kliniki.

Kwa mama, heshima kwanza. Mafundi wa mifupa wameunga mikono na mbavu nyingi, na mwili ulifanya sehemu kubwa ya kazi. Huyu ana chuma ndani na kovu la kidonda juu ya mfupa. Vijiti vikikazwa vitazuia damu ileile tunayoitafuta, na kuchanja juu ya kovu kutafungulia bakteria mlango. Kuchua nako kuna hatari yake: mguu uliolala muda mrefu huweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani ya shavu la mguu, na donge likisogezwa linaweza kwenda mapafuni. Shavu la mguu likivimba ghafla upande mmoja, au akashikwa na pumzi fupi na maumivu ya kifua, apelekwe dharura saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Ikiwa mwezi wa sita utapita na alama hazikusogea, njia ni hizi. Kama hakuna bakteria na ncha zinaelekeana vizuri, daktari anaweza kutoa skrubu za upande mmoja ili mfupa ujikandamize unapokanyagiwa. Ni upasuaji mdogo, lakini haufai palipo na pengo au ufa uliokatika kwa mshazari mrefu, kwa sababu mguu utafupika au kujisokota. Njia inayotegemewa zaidi kwa mguu wa tembo ni kutoa chuma, kuchimba mfereji na kuingiza kingine kinene zaidi kwa milimita 1 au 2. Unga wa mfupa unaotoka kwenye kuchimba hubaki palepale kama mbegu, na sehemu yake ipelekwe maabara. Mfupa mwembamba wa pembeni ukiwa umeshaunga, wakati mwingine hukatwa kidogo, maana huwa unauzuia muundi kukaribiana. Ncha za penseli huongezewa mfupa unaochotwa kwenye nyonga. Nyonga itamuuma wiki kadhaa, mara nyingine kuliko mguu, ajue mapema.

Bakteria wakithibitika, safari ni ndefu: chuma kitolewe, mfupa uliokufa ukatwe, antibayotiki kwa wiki sita au zaidi, na mguu ushikwe kwa nje. Pakibaki pengo kubwa, kuna mbinu ya pete za Ilizarov, ambapo mfupa wenye afya hukatwa sehemu nyingine na kuvutwa milimita 1 kwa siku, robo robo mara nne. Pengo la sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta, kisha mwezi mmoja hadi miwili ya kukomaa kwa kila sentimita.

Kwa wiki hizi zilizobaki, kama vipimo ni safi, chuma ni kizima na daktari wake hajamkataza, akanyagie. Mguu unaoninginizwa hauotishi mfupa. Tafuteni mizani ya kusimamia: aweke mguu wa kulia juu yake, mwingine sakafuni, akandamize hadi kilo 20 ili misuli ijue kilo 20 zinafananaje, kisha aongeze kilo 5 hadi 10 kila wiki. Na lile gongo moja, mwangalie analishika mkono gani. Wengi hulishika upande wa mguu mbovu, wakaegemea huko na kuchechemea zaidi. Mguu wake ni wa kulia, gongo liende mkono wa kushoto, na vitoke mbele pamoja.